Kuwamba Upya Kiti cha Zamani cha Milulu

Kabla hujakitupa kiti chenye kikalio kilichotoboka, kigeuze miguu juu ukiangalie kwa chini. Ukiona pembetatu nne zinazokutana katikati, kamba zimepotwa kwa nyasi, na tumboni mwake kumeshindiliwa vipande vya nyasi hizohizo, basi ulichonacho ni kiunzi kizima kinachosubiri kuwambwa. Waliokitengeneza walijua kikalio kitachakaa kabla ya mbao. Ndiyo maana hawakukibandika kwa gundi wala hawakukigongomelea. Walikizungusha tu, ili siku yake ikifika kikatwe na kingine kizungushwe palepale.

Nimekulia Pangani, nyumbani kwa babu aliyekuwa akiwamba vitanda vya kamba, vile viitwavyo teremka tukaze. Nilipohamia Uingereza nikavikuta viti hivi kwenye maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika, vimerundikwa nyuma kabisa kwa sababu vikalio vimekatika, niliona kazi ya babu: mbao nne, kamba, na mtu wa kukaa nayo siku mbili. Jirani yangu, mama mmoja wa Iringa, alikuja siku moja akakuta mganda wa nyasi umelowekwa bafuni. Akasimama mlangoni. "Mwanangu, hii si milulu hii? Umeitoa wapi huku?" Si milulu ile hasa ya kusukia vikapu vya Iringa, lakini nayo ni nyasi ya majimajini, laini, yenye sponji ndani, na tangu siku ile naiita milulu. Humu pia nitaiita hivyo.

Majina ya sehemu za kikalio nayaazima kitandani. Mbao mbili za ubavuni ni mifumbati. Ya mbele na ya nyuma ni vitakizo. Vijiti vinavyounganisha miguu, na vile vya egemeo lililo kama ngazi, ni vipago. Uyazoee sasa, maana tukifika kwenye kuzungusha kamba yatakusaidia kujua uko wapi.

Jua kwanza kiti ulichonacho

Viti vya milulu vinavyopatikana zaidi Uingereza ni vya egemeo la ngazi, hasa vya kutoka Lancashire na Cheshire, na vile vyepesi vyenye miguu myembamba vya mtindo wa Sussex ambavyo kampuni ya William Morris iliviuza sana katika karne ya 19. Kuna na vile vya Herefordshire. Huko, katika kijiji cha Bosbury, aliishi Philip Clissett, aliyezaliwa 1817 na kufariki 1913, akikereza viti vya mti wa eshi kwa kerezo la kukanyaga kwa mguu. Karibu na mwaka 1890 mbunifu kijana, Ernest Gimson, alikwenda kwake kujifunza. Baadaye Edward Gardiner akatengeneza viti kwa michoro ya Gimson, na Gardiner naye akamfundisha Neville Neal. Nawataja kwa sababu viti vyao na vya wenzao bado vinazunguka mitaani, na mnunuzi asiyejua huvigongomelea ubao juu ya kikalio kilichokatika. Msumari hupasua kitakizo, na kitakizo kikipasuka hakuna tena pa kuzungushia kamba. Ukikuta kiti kimegongomelewa, ng'oa misumari taratibu kwa koleo, ukiweka kipande cha ubao chini ya koleo lisichimbe mbao.

Si kila kikalio kinachofanana na cha milulu ni cha milulu. Fungua ncha moja upande wa chini. Ikifunguka ikawa utepe wa karatasi ngumu ya kahawia, hiyo ni kamba ya karatasi. Milulu haifunguki hivyo: utaona mabua mawili au matatu yaliyopotwa pamoja, rangi zinatofautiana, hapa kijani kilichofifia, pale dhahabu, na huku chini vinatokeza vifundo na ncha za maungio.

Usiidharau kamba ya karatasi. Mafundi wa Denmark waliizoea miaka ya Vita Kuu ya Pili, nyasi na nyuzi za kutoka nje zilipoadimika, na viti vyao vingi vilibuniwa kwa ajili yake. Kile maarufu cha Hans Wegner cha mwaka 1949, CH24, hula takriban mita 120 za kamba hiyo kwa kikalio kimoja. Kanuni yangu ni kurudisha kilichokuwepo: cha Denmark kwa karatasi, cha Lancashire kwa milulu. Kamba ya plastiki siitii kwenye kiti cha zamani hata mwenye kiti akiniomba. Inateleza, hailali, na inaisugua mbao mpaka iipige mfuo.

Kuanzia hapa nafundisha milulu, kwa kuwa ndiyo ngumu. Ukiiweza, karatasi utaiona nyepesi: njia ya kuzungusha ni ileile kwa viti vingi, ila hupoti wala huungi kila mara.

Vitu vya kutafuta

Milulu ya viti ya Uingereza ni mmea uitwao kitaalamu Schoenoplectus lacustris, unaoota kwenye mito iendayo polepole na kufikia hata mita 3. Huvunwa majira ya joto, kuanzia mwishoni mwa Juni, ikikatwa karibu na shina ndani ya maji, kisha ikakaushwa kivulini penye upepo. Huuzwa kwa miganda. Kwa kiti kimoja cha kulia chakula jiwekee kilo 1 na nusu hadi 2, maana mengine yatakatika na mengine yatakuwa membamba mno. Ukiwa na viti sita vya seti moja, nunua milulu yote siku moja kutoka mavuno ya mwaka mmoja. Rangi ya mavuno hubadilika, na meza moja yenye viti vya rangi tatu haipendezi.

Vifaa ni vya nyumbani: kisu kikali, mkasi, futi, skwea ya seremala, uzi wa katani, blanketi kuukuu, kitambaa, kipande cha ubao laini cha kusukumia kamba, na kijiti kilichochongwa bapa nchani cha kushindilia. Mpini wa mwiko unafaa kwa kusugulia. Glavu sizitumii, maana vidole lazima visikie bua linapotaka kukatika.

Kama uko nyumbani Afrika Mashariki na unataka kujizoeza tu, chukua kamba ya katani ya milimita 5 na fremu ya kigoda. Inachoma mikono na itachubua nguo, lakini mizunguko utaijua.

Kitikise, kisha ukikate

Shika egemeo kwa mkono mmoja na kitakizo cha mbele kwa mkono mwingine, ukitikise. Kikicheza, kazi inaanzia hapo. Kikalio kipya hubana kiunzi kwa nguvu, na kiunzi kilicholegea kitapinda kuifuata kamba. Utakuwa umeufunga upindaji ule humo ndani kwa miaka yote ya kikalio.

Piga picha za kikalio cha zamani, juu na chini. Halafu chukua futi uhesabu kamba ngapi zimelala kwenye sentimita 10 za kitakizo cha mbele. Andika namba hiyo. Ndiyo itakayokuambia unene wa kamba yako: zikiwa 16 au 17, kamba ilikuwa ya milimita 6 hivi, unene unaofaa viti vingi vya kulia chakula. Vaa barakoa, kwa sababu ndani kuna vumbi la miaka mingi, kisha kata kikalio kufuata mistari ya pembe na ukitoe chote. Usikitupe mpaka umalize kazi.

Sasa mbao ziko uchi, uziangalie vizuri. Vitundu vidogo vya mviringo ni vya wadudu wabunguao mbao. Visikutishe, huenda waliondoka zamani. Tandaza gazeti chini ya kiti kwa wiki nzima. Ukikuta unga mpya, mweupe, bado wamo. Paka dawa ya wadudu wa mbao na uiache ikauke kabisa kabla ya kuwamba, kwani mifumbati ikishafunikwa hutaifikia tena. Kisha pitisha kidole kwenye kingo za mbao zote nne. Penye ukali piga msasa mpaka pawe mviringo. Ukingo mkali hukata milulu polepole, kila mtu anapokaa.

Maungio yaliyolegea yavute uyatenganishe. Viti vingi vya zamani vilitumia gundi ya ngozi na mifupa, nayo hulainika kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Kwangua gundi kuukuu yote, maana mpya haishiki juu ya ile iliyokauka. Tia gundi ya mbao, rudisha, zungusha kamba kwenye miguu minne, tia kijiti katikati ya kamba na uipote mpaka ikaze. Pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, kulia na kushoto. Vipimo viwili vikilingana, kiti kimekaa sawa. Acha saa 24.

Kabla ya kuendelea huandika mwaka kwa penseli upande wa ndani wa mfumbati. Mara mbili nimekuta mwaka wa fundi aliyenitangulia mahali pale, na umenisaidia kujua kikalio kiliishi muda gani.

Kuilainisha milulu

Milulu kavu ni kama biskuti, ukiikunja inavunjika. Chagua mabua ya kazi ya siku moja tu. Yalaze bafuni au kwenye karo refu, yamwagie maji ya vuguvugu au yazamishe dakika 3 hadi 5, usizidishe. Yatoe, yafunge kwenye blanketi lenye unyevu, uyaache usiku kucha. Asubuhi yanakunjika kidoleni kama ngozi. Yaliyobaki jioni yaanike. Ukiyaacha blanketini siku tatu yataota ukungu na kunuka.

Kila bua, kabla ya kulitumia, lifute. Shika ncha nyembamba, pitisha kitambaa chenye unyevu ukivuta kuelekea upande mnene uliokatwa, kwa kubana. Utasikia vikipasuka ndani, tatatata: hiyo ni hewa na maji vinatoka upande wa shina. Bua lenye hewa likipotwa huvimba, na baadaye hunywea, kikalio kikalegea. Ile ncha ya juu iliyo dhaifu ikate. Jaribu kwa kuvuta kidogo: inayokatika mkononi mwako leo ingekatika kitini kesho kutwa.

Kisha unganisha mabua mawili, moja likiangalia huku na jingine kule, yaani shina la moja kwenye ncha ya mwenzake, ili unene uwe mmoja. Yakiwa membamba, tia matatu. Pota kwa vidole ulinganishe na ile namba uliyoiandika. Tumia nusu saa kwa jambo hili peke yake. Kamba inayotakiwa ni laini juu, haina mikunjo, inang'aa kidogo.

Unapota mahali panapoonekana tu: juu ya kikalio, kuanzia inapovuka mstari wa pembe mpaka inapoinama kwenye ukingo wa mbao. Upande wa chini, na ndani ambako kamba inasafiri kutoka pembe moja kwenda nyingine, yaache mabua yalale bapa. Mwelekeo wa kupota ni wa kuiacha pembe, kuelekea katikati ya mbao. Ndiyo maana upande wa kushoto wa kiti na wa kulia hupotwa kinyume, na mwanga ukipiga pembetatu zinatazamana.

Kuziba tofauti ya mbele na nyuma

Karibu kila kiti cha kulia ni kipana mbele kuliko nyuma. Ukianza mizunguko moja kwa moja, nyuma patajaa huku mbele pakibaki wazi. Pima vitakizo vyote viwili. Tuseme cha mbele ni sentimita 46 na cha nyuma 36. Tofauti ni 10, igawe mara mbili. Weka alama kwenye kitakizo cha mbele, sentimita 5 kutoka mguu wa kushoto na 5 kutoka wa kulia. Kazi yako ya kwanza ni kujaza sehemu hizo mbili.

Funga mabua kwa uzi wa katani upande wa ndani wa mfumbati wa kushoto, karibu na mbele. Pitisha kamba juu ya kitakizo cha mbele, ukigusana na mguu. Izungushe chini, itokeze ndani ya kiti, iende juu ya mfumbati wa kushoto ikivuka juu ya ile uliyotangulia kuilaza. Zungusha chini, itokeze ndani, ivute moja kwa moja hadi mfumbati wa kulia, ipite juu yake, chini, itokeze ndani, kisha juu ya kitakizo cha mbele upande wa kulia, chini, na ukaifunge mfumbati wa kulia. Hiyo ni safu moja. Rudia, ukifunga kila safu nyuma kidogo ya iliyotangulia, mpaka ufike kwenye alama. Kwa kamba ya milimita 6, sentimita 5 ni safu nane hivi.

Mzunguko wenyewe

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, lakini kuna sheria moja tu: kamba hutoka katikati ya kiti, hupita juu ya mbao kwenda nje, hurudi chini, na kutokeza tena ndani. Kila pembe inazungushwa mara mbili, ya pili ikivuka juu ya ya kwanza. Funga mwanzo wako kwenye mfumbati wa kushoto, kwa ndani, kisha:

1. Juu ya kitakizo cha mbele, upande wa kushoto. Chini, tokeza ndani.
2. Juu ya mfumbati wa kushoto, kwa mbele, ukivuka kamba ya namba 1. Chini, tokeza ndani, vuka kiti kwenda kulia.
3. Juu ya mfumbati wa kulia, kwa mbele. Chini, tokeza ndani.
4. Juu ya kitakizo cha mbele, upande wa kulia, ukivuka kamba ya namba 3. Chini, tokeza ndani, elekea nyuma.
5. Juu ya kitakizo cha nyuma, upande wa kulia. Chini, tokeza ndani.
6. Juu ya mfumbati wa kulia, kwa nyuma. Chini, tokeza ndani, vuka kwenda kushoto.
7. Juu ya mfumbati wa kushoto, kwa nyuma. Chini, tokeza ndani.
8. Juu ya kitakizo cha nyuma, upande wa kushoto. Chini, tokeza ndani, rudi mbele uanze tena namba 1.

Bua likikaribia kwisha, ungia kati ya pembe na pembe, kamwe si kwenye pembe. Funga jipya kwa fundo dogo lililo bapa, upande wa chini, litakalomezwa na kamba zijazo. Vuta kwa nguvu ya wastani lakini isiyokatika: mkono mmoja unavuta, mwingine unapota, na kidole gumba kinailaza kamba mahali pake kabla hujaipindisha chini.

Pembe

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu kikalio kizuri na kibaya hutofautiana hapa.

Kiti changu cha kwanza nilikiwamba kwa haraka ya kutaka kuona kinavyojaa. Kamba zilikuwa nzuri, unene mmoja, zinang'aa. Lakini pembe ya nyuma kushoto sikuisukuma vizuri tangu mzunguko wa tatu, kukabaki uwazi wa unene wa kucha. Mzunguko wa nne ukalala juu ya kosa la ule wa tatu, wa tano juu ya wa nne. Nilipofika katikati mstari wa pembe ile ulikuwa umepinda kama mto, na pembetatu zikakataa kukutana. Nilikata kazi ya siku mbili. Tangu hapo sijaacha skwea mbali na mkono.

Kila mzunguko, ukimaliza pembe, sukuma kamba kwa ubao laini mpaka zigusane, kwenye kitakizo na kwenye mfumbati. Kila mizunguko mitatu weka skwea kwenye pembe: kamba zinapovukana ziwe nyuzi 90 kamili. Kisha pima kutoka kamba ya mwisho ya kushoto hadi ya mwisho ya kulia, mbele na nyuma. Mbele na nyuma zikilingana, endelea. Zikitofautiana kwa milimita 2 au 3, sukuma zaidi upande mmoja, au pota kamba nene kidogo kwenye pembe iliyobaki nyuma. Zikitofautiana zaidi ya hapo, fungua urudi. Kufungua mizunguko miwili kunaumiza, lakini kuna afadhali kuliko kukaa nacho mezani miaka 20 ukikitazama.

Jioni iache kazi ikauke. Milulu inaponywea kamba hupungua unene, na asubuhi utakuta nyufa ambazo hazikuwepo. Zisukume tena zibane kabla ya kuongeza kamba mpya.

Kushindilia

Kati ya kamba za juu na za chini kuna mfuko wa wazi kila upande. Usiujaze mwishoni, hutapata nafasi. Baada ya kila mizunguko minane au kumi, geuza kiti, chukua vipande vikavu vya milulu, navyo viwe vikavu kweli, uvisukume kwa kijiti bapa kutoka chini kuelekea pembeni na kwenye ukingo wa mbao. Shindilia mpaka juu pawe pagumu ukipiga kwa kiganja, ila pasivimbe kama mto. Vijazo hivi ndivyo vinavyozuia kamba zisisuguane na ukingo, na ndivyo vinavyogawa uzito wa anayekaa. Kikalio kisichoshindiliwa hulala mwaka wa kwanza. Hapa sioni aibu kusema kwamba mafundi wanaouza viti vilivyowambwa vikiwa vitupu ndani wanawaibia wateja wao.

Kwa kamba ya karatasi watu hutia pembetatu za kadibodi humo ndani. Inafaa.

Katikati na mwisho

Kwa mfano wetu, kama mifumbati ina sentimita 36, safu nane za mbele zimekwisha kula 5. Zinabaki 31, na kila mzunguko unakula milimita 12 za mfumbati. Hiyo ni mizunguko kama 26. Mifumbati itakapojaa, kwenye vitakizo vya mbele na nyuma patabaki kama sentimita 5 katikati. Hapo pembe zimekwisha. Sasa wamba kwa mwendo wa namba nane: juu ya kitakizo cha mbele, chini, tokeza kwenye upenyo uliobaki katikati ya kiti, juu ya kitakizo cha nyuma, chini, tokeza katikati tena. Kila mara ipitie upenyo uleule. Zibane sana, tia nyingi kuliko unavyodhani zinaenea, kwa sababu hizi ndizo zinazobeba katikati ya mtu.

Ya mwisho ifunge chini kwa kuipitisha kwenye kamba ya jirani mara mbili na kuichomeka ndani. Kata ncha zinazoning'inia, lakini usizikate karibu mno na fundo. Kikalio kikiwa bado na unyevu, kisugue juu chote kwa mpini wa mwiko, kufuata kamba, kutoka pembe kwenda ukingoni. Mikunjo hulala na ngozi ya milulu hutoa mng'ao wake yenyewe.

Kiweke penye hewa siku 2 hadi 3, mbali na hita na jua, asikikalie mtu. Usikipake vanishi. Milulu huishi kwa kunywa na kutoa unyevu, na vanishi huifanya kavu na kuipasua kwenye kunjo. Kama ni mara yako ya kwanza, kazi ya mikono tangu kulainisha hadi hapa itakula saa 12 hadi 16. Mimi sasa kiti kimoja hunichukua siku moja na asubuhi ya pili.

Kukitunza

Nyumba za Ulaya zina hita zinazokausha hewa miezi yote ya baridi, na milulu hukatika zaidi kwa ukavu kuliko kwa uzito. Mara moja kwa mwezi wakati huo, geuza kiti uifute sehemu ya chini kwa kitambaa chenye unyevu. Chini, si juu, kwani huko mabua hayakupotwa na yanakunywa vizuri. Pwani ni kinyume chake: unyevu upo tele, tatizo ni ukungu. Huko kiti kitoe barazani penye upepo, na usikisukumie ukutani wakati wa masika.

Makombo yatoe kwa brashi laini au kwa mashine ya kufyonza vumbi. Chai ikimwagika, futa papo hapo. Watoto wafundishwe kukaa, wasipige magoti wala kusimama juu yake kufikia kabati, maana goti hukusanya uzito wote kwenye kamba tatu nne. Kamba moja ikikatika ukingoni usingoje. Ichomee bua lenye unyevu kwa chini, lipitishe juu palipokatika, ulifunge kwenye kamba za jirani. Ukifanya hivyo wiki ileile, kikalio kitaendelea. Ukiiacha, kamba za pembeni hulegea, na baada ya miezi michache utakuwa unalaza blanketi lenye unyevu tena.